Benaco, jiji lililoota kwa siku moja

Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda waliokimbia vita na mauaji walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani, wakaingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) lilikadiria kuwa katika saa 24 walivuka watu 250,000. Walielekezwa Benaco, na mara waandishi wa habari wakapaita mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Mji usio na bomba wala choo.

Katika Mto Kagera zilikuwa zikielea maiti, kwa hiyo tegemeo likawa bwawa la hapo Benaco. Maji yake hayakufaa kutiwa klorini moja kwa moja. Kwenye maji ya tope kama yale, klorini huishia kupambana na uchafu, na vijidudu husalimika wakiwa wamejibanza ndani ya chembe za udongo. Ndiyo maana hutangulia shabu: chembe hushikana, huwa nzito, hutuama, klorini hufuata. Julai mwaka huohuo, huko Goma, Zaire (leo Kongo), wakimbizi wengine wa Rwanda walifikia juu ya miamba ya volkano isiyochimbika vyoo, wakanywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa. Katika mwezi mmoja walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya Ngara, angalau, ilichimbika.

Balaa la Ngara likawa kuni. Mgao ulikuwa mahindi na maharage makavu, vyakula vinavyokaa motoni saa nyingi, tena juu ya mafiga matatu ambayo moto wake mwingi huishia hewani. Hadi 1996, kwa hesabu ya UNHCR, kilomita za mraba 570 za misitu ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania zilikuwa zimeathirika, 167 kati yake vibaya sana. Mlima uliokatwa miti haunywi mvua. Maji huteremka na udongo, yakachimba makorongo. Dawa zilizohubiriwa kambini zilikuwa za kawaida kabisa: loweka maharage usiku kucha, pasua kuni ndogondogo, zikaushe, funika sufuria.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao. Si haki kuwabebesha wao lawama yote ya misitu, kwani hata miji yetu ya leo inapikia mkaa unaotoka misitu ya namna hiyohiyo. Halmashauri za Ngara na Biharamulo, mnapopima viwanja vipya, anzeni na chanzo cha maji, mteremko wa ardhi na nishati ya kupikia. Barabara ifuate.