Kutoka kubeba boksi hadi usukani wa lori

Katika maghala ya Uingereza wamo ndugu zetu wengi wanaofanya ile kazi ambayo huku ughaibuni tumezoea kuiita kubeba boksi. Mlango wa pili wa ghala hilo hilo wanasimama madereva wa malori, na malipo yao kwa kawaida ni mazuri zaidi. Swali ni moja: mtu anafikaje pale?

Nyumbani njia inajulikana. Kijana anaanza utingo, analala chini ya trela safari za Tunduma au Malaba, anajifunza gia kwa kumtazama dereva, na siku moja anaachiwa usukani. Uingereza hakuna utingo. Hapa kila hatua ina karatasi yake na ada yake.

Kwanza ni leseni kamili ya gari dogo. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakuruhusu kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tu, wala haibadilishwi kuwa ya Uingereza. Hata kama umeendesha semitrela Dar hadi Lubumbashi kwa miaka 20, unatahiniwa upya kama mwanafunzi.

Pili, uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, upimwe na daktari, kisha upeleke fomu DVLA, idara ya leseni, ili upewe leseni ya lori ya kujifunzia.

Tatu ni mitihani. Nadharia ina maswali 100, na huvuki bila kupata 85. Ada ni pauni 26. Mtihani wa kutambua hatari kwa video unataka alama 67 kati ya 100, pauni 11. Hufuata cheti cha weledi kiitwacho CPC: maswali 50, upate 40, pauni 23. Mtihani wa barabarani ni pauni 115 siku za kazi, na ule wa mwisho wa vitendo ni pauni 55. Katika huo wa mwisho unaonyesha unavyofunga mzigo, unavyokagua gari, na unavyozuia watu wasijifiche ndani ya trela. Kwa mkimbizi, somo hilo si jepesi kulisikiliza.

Kikwazo kikubwa kwa wengi wetu ni lugha. Tangu Aprili 2014 mkalimani haruhusiwi katika mitihani hii. Mwenye Kiingereza cha kusuasua aanze na darasa la lugha kabla ya kulipia lori.

Sasa tazama hesabu. Ada za serikali, ukiondoa daktari, hazifiki pauni 300. Fedha nyingi huishia shule ya udereva, ambako gharama inaweza kupita pauni 2,000. Hapo ndipo madalali wanapokaa. Kabla ya kutoa senti, uliza: saa ngapi za usukani? Ukifeli, nani analipia kurudia? Tangu Novemba 2021 unaweza kwenda moja kwa moja kwenye leseni ya lori lenye trela, kwa hiyo usikubali kulipishwa mara mbili bila sababu.

Ukishapata kazi, sheria inakulinda. Baada ya saa nne na nusu za kuendesha unapumzika dakika 45, na kwa siku ni saa tisa, zinazoweza kufika kumi mara mbili tu kwa wiki. Kifaa ndani ya lori kinarekodi yote. Kila miaka mitano unatakiwa uwe umesoma saa 35 za mafunzo.

Ndugu msomaji uliye nyumbani, viza za muda za madereva wa lori zilizotangazwa Septemba 2021, wakati wa foleni za petroli, zilikwisha mwaka 2022. Na aliyeomba hifadhi huku, kesi yake ikiwa haijaamuliwa, kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Anayekuuzia leo viza hizo za mwaka 2021 anakuuzia hewa. Usiuze shamba kwa ajili yake.