Bagamoyo, Mji wa Wachukuzi

Uingiapo mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha na baridi ya kipupwe imekwishatua juu ya nyanda za kati, Kibaigwa haina usingizi. Malori huja kutoka pembe zote za nchi kutafuta mahindi, na usiku kucha husikika sauti za wachukuzi wakiitana chini ya magunia. Ni katika siku hizo za mwanzo wa kiangazi tulipoiacha Kibaigwa na pilikapilika zake, tukashika njia ya pwani kwenda kuutazama mji wa Bagamoyo. Wapo waliotuuliza: mtu wa Ugogo anafuata nini katika mji wa magofu? Makala haya ndiyo jibu letu kwao. Ni salamu zetu pia kwa ndugu zetu wa visiwani, ambao ufukwe wa Bagamoyo ni jirani yao wa ng'ambo, na kwa watumishi wa serikali waliopewa dhamana ya kuitunza historia yetu.

Safari yetu ilikuwa ya siku moja tu. Tulipita Gairo, Dumila na Morogoro, tukafika Chalinze, tukaelekea Msata, tukauvuka Mto Ruvu, na kabla ya magharibi tukaiona bahari. Wazee wetu katika karne ya 19 waliutembea mwendo huo kwa miguu. Njia yao kuu haikupita pale ilipo barabara ya lami ya leo. Ilipita kusini kwetu, kwa Mpwapwa, kisha ikaikabili nyika isiyo na maji waliyoiita Marenga Mkali, ndipo ikaingia katikati ya Ugogo na kuendelea hadi Unyanyembe na Ujiji. Msafara uliobeba mizigo uliweza kutumia miezi miwili hata mitatu kati ya pwani na Unyanyembe. Mbele alikwenda kirangozi, na nyuma yake wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa takriban frasila mbili begani au kichwani. Walipoelekea bara walibeba vitambaa, shanga na nyaya. Waliporudi pwani walibeba pembe za ndovu.

Tuliuzunguka mji taratibu, kama impasavyo mgeni. Tuliona Ngome Kongwe, tukaona nyumba ya forodha iliyojengwa mwaka 1895, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Asubuhi ya pili tulikwenda Kaole, kusini mwa mji, ambako misikiti na makaburi ya nguzo vinashuhudia kwamba Waislamu wa pwani hii walikuwa wakisali na kuzikana hapo tangu karne ya 13, kabla Mzungu yeyote hajaijua njia ya kufika. Ni vizuri vijana wetu wakalifahamu hilo, ili wasidhani kwamba historia ya mji huu ilianza siku aliyoshuka mgeni wa kwanza mwenye daftari.

Bagamoyo iliwahi pia kuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, kuanzia mwaka 1888 hadi 1891. Wananchi hawakuupokea utawala huo kwa makofi. Mwaka 1888 pwani iliwaka moto wa upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, na Bagamoyo ikawa uwanja wa vita. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kisha makao makuu yakahamia Dar es Salaam, na mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ukaanzia huko huko. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo uliokuwa ukibebwa na maelfu ya mabega ulikuwa umekwishahamia katika mabehewa. Biashara ya Bagamoyo ikapwa kama maji ya bahari yake, na mji ukabaki na milango iliyonakshiwa.

Lakini si milango iliyotushughulisha. Kilichotushughulisha ni jina lenyewe. Wenyeji husema kwamba asili yake ni kubwaga moyo, na maelezo yake ni mawili. Wengine husema kwamba ni maneno ya mpagazi aliyefika pwani salama, akautua mzigo na moyo wake ukatulia. Wengine husema kwamba ni maneno ya mtumwa aliyeona bahari mbele yake, akajua kwamba kwao hatarudi tena, akauacha moyo wake nchi kavu. Sisi hatuoni sababu ya kulichagua moja na kulitupa jingine. Njia ilikuwa moja, na juu yake walipita watu wa namna mbili: aliyebeba mzigo kwa ujira, na aliyefanywa kuwa mzigo. Wote wawili walifika hapa wakiwa na mabega yaliyochubuka.

Katika misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapa makazi watumwa waliokombolewa, wageni huonyeshwa mahali ulipolazwa mwili wa Daktari Livingstone mwezi Februari 1874. Kila mgeni hulijua jina la Livingstone. Ni wangapi wanaowakumbuka Chuma na Susi? Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waafrika hao na wenzao waliuzika moyo wake huko huko, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa muda wa miezi kadhaa hadi pwani. Maiti ilipozikwa London mwezi Aprili 1874, Chuma na Susi hawakuwapo. Walifika Uingereza baada ya mazishi. Aliyebebwa amepata kaburi katika kanisa la wafalme. Waliombeba wamepata mstari mmoja katika vitabu, na maelfu ya wapagazi wengine hawakupata hata huo.

Hapo ndipo tulipoanza kuifikiria Kibaigwa yetu. Je, sisi tunaowalaumu wa zamani kwa kuwasahau wachukuzi, tunawatendeaje wachukuzi na wakulima wa leo?

Tulitazame neno hongo. Zamani za misafara, hongo ilikuwa ushuru ambao watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara kwa ajili ya maji, chakula na kupita kwa amani. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia sana katika vitabu vyao. Lakini ilitolewa mchana kweupe, baada ya mashauri marefu, na katika nchi kavu kama hii yetu kisima si jambo la mzaha. Leo neno hilo hilo ni jina la rushwa. Mtemi aliyepokea hongo alitoa maji yake. Mtumishi anayepokea hongo leo hatoi chochote kilicho chake, bali anamuuzia mwananchi haki ambayo tayari ni ya mwananchi mwenyewe. Kila gunia linalotoka shambani likakutana na mkono ulionyoshwa njiani, limerudishwa nyuma kuliko zama za misafara.

Tulitazame pia suala la vipimo. Mwenye msafara wa zamani alijua kwamba akizidisha mzigo kupita kiasi mpagazi atautua na kutoroka, na mali itabaki porini. Leo tunayo Sheria ya Vipimo, tunayo mizani, na tunao wakala wa serikali wa kusimamia jambo hilo. Hata hivyo, mkulima anayeuziwa shida zake shambani, mbali na mizani ya soko, bado hukutana na lumbesa, yaani gunia lililovishwa kilemba, linalojazwa hadi kupita kipimo na kulipwa kama gunia moja. Kinachozidi ni jasho la mkulima lisilolipwa, na mgongo wa mchukuzi unaolinyanyua hulipwa kwa hesabu ya gunia, si ya kilo. Tulipokuwa wadogo chuoni, kabla ya kuingia skuli, tulisomeshwa sura nzima yenye onyo kwa wapunjao vipimo. Baadaye, katika Chama, tulifundishwa kwamba mtu kumnyonya mwenzake ni dhuluma. Mafunzo hayo mawili hayagombani. Mizani iliyopinda haina dini wala siasa.

Tunasema haya kwa kuwa kuihifadhi Bagamoyo hakutoshi kwa chokaa peke yake. Chokaa nayo inahitajika, na kwa haraka. Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Jumba la kale haliombi ruhusa ya kuanguka. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia kuu ya misafara katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, ikianzia Bagamoyo na kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji. Orodha ni ahadi, na ahadi ni deni. Tungependa kuona mwanafunzi wa Kongwa na Mpwapwa akifundishwa kwamba njia hiyo ni ya kwao pia, na kwamba mwisho wake wa mashariki haukuwa Bagamoyo bali Unguja, ambako pembe na watu walivushwa kwa majahazi, hadi Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873. Bara na visiwa hatukuunganishwa na karatasi peke yake. Tuliunganishwa kwanza na mabega ya watu hao.

Jioni ya mwisho tulikaa ufukweni. Kusi ilikuwa ikivuma, maji yamejaa kiasi, na chombo kimoja kilikuwa kimetia nanga mbali kidogo na mchanga. Wachukuzi, hamali kama waitwavyo Unguja, waliingia majini hadi kifuani na kurudi na mizigo vichwani, mmoja baada ya mwingine, bila kuyumba. Mzee mmoja miongoni mwao alitua gunia karibu nasi, akapangusa uso. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akatuuliza tunatoka wapi. Tulipomjibu kwamba tunatoka Kibaigwa, alicheka, akalipiga gunia kwa kiganja na kusema kwamba huenda mahindi hayo tulipishana nayo njiani.

Huenda alisema kweli. Nasi tulipoondoka asubuhi tulijiwekea nadhiri kwamba tukifika nyumbani tutaulizia kwanza gunia lile lina kilo ngapi, na aliyelibeba kalipwa nini. Tunawaomba viongozi wetu, wa bara na wa visiwani, waulize nasi.