Kivuli cha Mringaringa

Mtu apandaye kutoka tambarare za Moshi mwezi wa Februari, jua likiwa limekwisha kuunguza nyasi zote, huingia kihambani kama aingiaye nyumba yenye dari. Juu hukuta mruka na mringaringa. Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni. Na chini kabisa maharage na magimbi, huku kiazi kikuu kikiukwea mti wowote kiuonao. Mgeni aghalabu hudhani ni msitu. La, si msitu: kila mti hapo una mtu aliyeupanda, au aliyeuacha kwa makusudi alipokuwa akifyeka mingine.

Masika yaanzapo, mvua haiipigi ardhi moja kwa moja. Huipokea mruka kwa majani yake madogo madogo, akaikabidhi migomba, na udongo wa mteremko ukasalia mahali pake. Kipupwe kijapo ukungu huketi juu ya mapaa hata karibu na adhuhuri, na buni huanza kuiva. Vuli ikinyesha, mibuni huchanua maua meupe yenye harufu mithili ya asumini. Kisha kiangazi, msimu wa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na wazee: maji huja kwa zamu, na jirani aliyepitiwa na usingizi zamu yake ikapita hana budi kujilaumu mwenyewe. Majani yaangukayo huwa mbolea. Mgomba uliokwisha kuzaa hukatwakatwa akalishwa ng'ombe zizini, na samadi yake hurudi shinani.

Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua utaratibu huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni sifa njema, ila sifa hailipi ada ya shule.

Zamani ada ililipwa na kahawa. Mwaka 1989 yalipovunjika yale makubaliano ya kimataifa yaliyozigawia nchi mafungu ya kuuza, bei ilianguka, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga. Mahindi hayapendi kivuli. Basi aliyeanza kwa kung'oa mbuni akamalizia kwa kuuangusha mruka. Kadhalika ardhi imegawanywa baba kwa mwana hata vihamba vingi havifiki ekari 2, na mti mkubwa katika kipande kidogo huonekana kama mgeni aliyekalia kitanda kizima.

Kwetu upo mringaringa mmoja, uliopandwa na babu karibu na masale ya mpaka. Desemba iliyopita, jamaa walipokusanyika kutoka Dar es Salaam na Arusha, alikuja mnunuzi wa mbao. Akauzungushia kamba kuupima kabla hajasalimia. Fedha alizozitaja zilitosha ada ya mwaka mzima ya mtoto wa kaka yetu mkubwa. Kaka akasema kwamba mti uliosimama haujapata kumsomesha mtu. Hatukuwa na jibu; wala hakuwa amekosea, kwani sisi wengine tulikuwa tumekula mbege na ndizi za kihamba kile siku nne, tukijiandaa kurudi mijini.

Mama, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikuwa akimenya ndizi. Akasema tu kuwa mibuni iliyo chini ya mti ule ndiyo pekee isiyonyauka Februari, na kwamba yeye ndiye atakayekuwapo hapo Februari.

Tukauza migrivea mitatu ya pembeni, ambayo hukua upesi na haina wa kuililia. Ilitoa nusu ya ada. Nusu ya pili ingali inadaiwa. Mnunuzi aliacha alama ya rangi nyeupe kwenye shina la mringaringa, ili asiusahau. Masika yamekwisha kupita, na mvua haikuifuta.