Je, Wajua? Namba 150,528 za jani moja la sombe

Je, wajua kwamba simu inaweza kutambua ugonjwa wa muhogo shambani Rugenge, Uvira, bila intaneti? Nuru, programu ya mradi wa PlantVillage na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA, imeundwa kwa kazi hiyo, na inatumia Kiswahili. Utafiti wake wa mwanzo, wa 2017, ulitumia picha za mashamba ya Bagamoyo, Tanzania.

Kwa mashine, picha ya jani la muhogo, yaani sombe, yenye pikseli 224 kwa 224 ni namba 150,528. Huweza kupangwa rangi tatu za kila pikseli pamoja, au nyekundu zote 50,176 kwanza, kisha kijani, kisha bluu. Kompaila, inayogeuza modeli ya kutambua ugonjwa kuwa amri za simu, lazima itambue mpangilio unaofaa kila operesheni, yaani kila hatua ya hesabu ya modeli. Operesheni mpya ikikosa kanuni ya mpangilio wake, namba hupanguliwa na kupangwa upya, kabla na baada yake, na betri inaliwa bure.

Operesheni inayogusa kila namba peke yake haina shida. Inayojumlisha rangi ndiyo ya kuangalia sana: ukihesabu mihimili ya data kuanzia sifuri, ambao ni wa idadi ya picha, mhimili wa rangi huhama kutoka 1 hadi 3 mpangilio wa rangi moja moja ukigeuzwa kuwa wa rangi tatu pamoja. Kanuni ikikosea hapo, simu itajumlisha safu za picha badala ya rangi, na huenda isitoe onyo lolote.