Maiki Inakatika? Anza na Risiva

Sauti ya khatibu inakatika katikati ya hotuba, au mshereheshaji anamwita bwana harusi na nusu ya jina haisikiki. Kinachofuata kila mtu anakijua: maiki inapigwapigwa kichwani, inapulizwa, inatikiswa, mwisho inabadilishwa betri. Ni nadra mtu kugeuka kuitazama risiva, lile boksi lenye antena lililosukumwa nyuma ya mikisa, ingawa mara nyingi jibu liko pale. Maiki isiyo na waya ni kituo cha redio, kidogo lakini kamili. Nyingi hurusha mawimbi kwa nguvu ya miliwati 10 hadi 50, wakati simu iliyomo mfukoni mwa mgeni inaweza kurusha kwa miliwati 200. Kwa nguvu ndogo namna hiyo, unyonge wowote upande wa kupokea utasikika ukumbi mzima.

Kosa la kwanza ni mahali. Mikisa inawekwa mwisho wa ukumbi ili fundi asikie wanachosikia watu, na risiva inaandamana nayo. Hapo kati ya jukwaa na antena wanakaa watu mia tatu, na wakisimama kumpokea bibi harusi, mambo yanaharibika. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya. Ndiyo maana maiki iliyofanya kazi vizuri asubuhi, viti vikiwa vitupu, inaanza kukohoa jioni. Dawa yake ni rahisi: risiva ikae karibu na jukwaa, juu ya usawa wa vichwa, na sauti ndiyo isafiri kwa waya kwenda kwenye mikisa. Kebo nzuri ya maiki inabeba sauti mita 50 bila kupoteza kitu cha maana, lakini kebo ya antena ni habari nyingine. Ile nyembamba aina ya RG58, ikiwa na urefu wa mita 10, inameza zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi ya UHF kabla hayajafika kwenye risiva. Wanaorefusha antena kwa kebo hiyo wakidhani wanasaidia wanajiumiza.

Usiisogeze mno pia. Risiva iliyo hatua moja kutoka kwenye maiki inaweza kulemewa na mawimbi ikaanza kuchanganya sauti. Mita tatu au zaidi zinatosha. Na usiifungie ndani ya kabati la chuma.

Kwa nini antena ni mbili? Wimbi linalotoka kwenye maiki halifiki kwa njia moja. Jingine linakuja moja kwa moja, jingine linagonga kwanza ukuta, bati la paa au vyuma vya jukwaa. Yakikutana kwenye antena yakiwa yamepishana nusu wimbi, yanafutana, na sauti inapotea ghafla. Katika megahezi 600 urefu wa wimbi ni sentimita 50, kwa hiyo tofauti ya njia ya sentimita 25 tu inatosha kuleta shimo. Utaliona hilo mzungumzaji anaposimama mahali fulani sauti ikakatika, akasogea kidogo ikarudi. Risiva nzuri ina antena mbili kwa ajili ya maiki moja, na kila wakati inachukua ile inayosikia vizuri zaidi, kwa sababu si rahisi zote mbili ziangukie kwenye shimo kwa wakati mmoja. Zipanue kama herufi V, zisilale wala kugusana.

Hapa wanunuzi wengi wanadanganyika. Risiva nyingi za bei ya chini zinazouzwa na maiki mbili zina antena mbili, lakini kila antena inahudumia maiki yake. Hakuna kuchagua kokote. Muuzaji akikuambia ina antena mbili, usiridhike. Mwombe awashe maiki moja tu, kisha utazame kama risiva ina taa za A na B zinazopokezana mtu anapotembea na maiki hiyo. Kama hakuna, unanunua kitu kinachofaa chumba kidogo.

Upande wa mzungumzaji nao una yake. Kile kiboksi cha kiunoni kina waya mdogo unaoning'inia, na huo ndio antena yake. Ukiviringishwa, ukakunjwa mfukoni mwa kanzu au ukagandana na ngozi yenye jasho, nguvu inakwisha hapo hapo. Kivae upande unaotazama risiva. Kwa imamu hili ni la lazima, maana akirukuu na kusujudu mwili wake wote unaweza kukaa kati ya kiboksi na antena. Maiki nyingi za mkononi zina antena kwenye kitako. Mshereheshaji anayeishika huko chini anaifunika. Na msanii anayekumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja anaharibu namna inavyochagua sauti, ndipo spika zinapopiga mluzi, kisha lawama zote zinamwendea fundi.

Jambo linalohitaji akili zaidi ni masafa. Maiki za UHF hazina anga yake peke yake. Zinaazima nafasi zilizo wazi katikati ya vituo vya televisheni, ambavyo kwetu hukaa kati ya megahezi 470 na 694. Enzi za analojia fundi aliweza kujipenyeza ndani ya chaneli ya televisheni, kati ya picha na sauti. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, na nchi nyingine zikafuata kuelekea ukomo wa kimataifa wa Juni 2015, mlango huo ulifungwa. Matangazo ya dijitali hujaza chaneli yote, megahezi 8 nzima, hayaachi upenyo. Vilevile masafa ya juu ya 694, ambayo maiki za zamani zilitumia sana, katika ukanda wetu yametengwa kwa ajili ya mitandao ya simu. Kwa hiyo maiki ya mitumba iliyoandikwa 740 au 800 ni hasara hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Itagombana na mnara wa simu, na mnara utashinda.

Maiki zenyewe nazo hugombana. Chukua tatu zilizopangwa kwenye megahezi 600, 601 na 602, mpangilio unaopendeza machoni. Mbili za kwanza zikikaribiana, mawimbi yao huzaa mawimbi mengine: mara mbili ya 601 ukitoa 600 unapata 602, yaani juu kabisa ya maiki ya tatu. Mkwaruzo unaanza na hakuna betri itakayouondoa. Watengenezaji wameshapiga hesabu hizo, ndiyo maana risiva ina makundi, na ndani ya kila kundi chaneli zisizozaliana balaa. Maiki zote ziwe kwenye kundi moja, kila moja na chaneli yake. Ukichanganya chapa mbili, hesabu ya kila kiwanda haijui ya mwenzake, na hapo unahitaji programu ya kupangia masafa. Wala usizilaze mezani pamoja zikiwa zimewashwa.

Wengine wanakimbilia maiki za gigahezi 2.4 kwa kuwa hazihitaji kupanga chochote. Zinafaa kwa darasa au mahojiano ya video. Ukumbini zinashiriki anga na Wi-Fi na Bluetooth za simu zote, kwa hiyo jaribio la ukumbi mtupu halikuambii lolote.

Utaratibu wa kuwasha ni huu. Washa kwanza kila kitu kitakachokuwepo: skrini za LED, Wi-Fi, taa, kamera. Maiki zote ziwe zimezimwa. Sasa iambie risiva ichunguze anga na kuchagua chaneli safi. Ukichunguza kabla ya skrini kuwashwa umejidanganya. Peleka masafa kwenye maiki ya kwanza, iwashe, iache hivyo. Kabla ya kuwasha ya pili, tazama taa ya mawimbi kwenye risiva yake: ikiwaka na maiki haijawashwa, kuna mgeni kwenye chaneli hiyo, badilisha. Endelea hadi ya mwisho, kisha mtu atembee na kila maiki hadi kila pembe ambapo mzungumzaji atafika, huku mwingine akikodolea macho taa za A na B.

Kiwango cha sauti kipimwe kwa sauti halisi. Mhubiri anayenong'ona wakati wa majaribio atapaza sauti baadaye. Mwombe apaze sasa, na upunguze kwenye maiki mpaka taa nyekundu isiwake. Risiva yenye swichi ya maiki na laini iwekwe kulingana na tundu la mikisa ulilochomeka. Betri ziwe mpya kila shughuli.

Kabla ya kununua mtambo mkubwa, waulize wasimamizi wa masafa, TCRA kwa walioko Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa walioko Kenya, ni masafa gani yanaruhusiwa mahali ulipo. Na ninyi kamati za harusi, misikiti na makanisa: mpeni fundi saa moja ndani ya ukumbi, umeme ukiwepo na skrini zikiwaka, kabla mgeni wa kwanza hajaketi. Kazi yote niliyoieleza hapa inafanyika ndani ya saa hiyo, na haifanyiki tena watu wakishajaa.