Kompyuta ya Kikundi Ikifa, Rekodi Zitapona?



Siku hizi vikundi vingi vimeacha kuandika kila kitu kwa kitabu. Akiba za wanachama, mikopo na faini ziko ndani ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta yenyewe iko nyumbani kwa katibu. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini hebu tujiulize: siku stima ipotee ghafla na kompyuta ikatae kuwaka tena, ni nani atasema kila mwanachama ana akiba ngapi na deni ngapi? Hata kama hakuna aliyeiba, hakuna wa kuthibitisha. Kikundi chaweza kuvunjika kwa jambo hilo moja.

Diski ya kompyuta ni chombo, na kila chombo kina siku yake ya kuharibika. Basi tujitayarishe mapema.

NAKALA ZA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni kunakili faili za rekodi peke yake kwa flashi. Ya pili ni kuchukua picha ya diski nzima. Hii si picha ya kutazama kwa macho. Ni nakala iliyobeba kila kitu kilicho kwa diski: Windows, programu, mipangilio na rekodi zenu.

Kunakili faili ni kama kuokoa magunia ghala likiungua: mahindi yamepona, lakini ghala mtajenga upya. Picha ya diski inarudisha ghala na magunia yake, kila gunia pale lilipokuwa.

JINSI YA KUCHUKUA PICHA

Iko programu iitwayo Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan. Haiuzwi, ni ya bure. Mnahitaji flashi moja ya kuwekea programu hiyo, na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Kijana anayejua kompyuta, au mtu wa saiba, anaweza kuwatayarishia flashi. Mwambieni aanze na flashi tupu, kwa sababu vilivyomo vitafutwa.

1. Zimeni kompyuta kabisa. Kwa Windows, shikilia kibonye cha Shift wakati unapochagua kuzima.

2. Chomeka flashi na diski ya nje, kisha washa. Papo hapo bonyeza kibonye cha kuchagua pa kuanzia. Kwa kompyuta nyingi ni F12, F9 au Esc.

3. Clonezilla ikifunguka, chagua "device-image", kisha diski ya nje iwe mahali pa kuhifadhi. Halafu chagua "savedisk", yaani hifadhi diski nzima. Tambueni diski kwa ukubwa wake: kwa mfano, ya kompyuta ni gigabaiti 500 na ya nje ni terabaiti 1.

4. Ikiuliza kama ikague picha, kubali. Picha isiyokaguliwa ni kama mbegu isiyojaribiwa.

Kazi hii yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Msiianze siku ambayo stima inapotea-potea.

KUREJESHA

Diski ikifa, fundi ataweka mpya. Isiwe ndogo kuliko ile ya zamani. Washeni tena kwa flashi ile ile, na safari hii mchague "restoredisk". Hapa tahadhari! Kurejesha kunafuta kila kitu kilicho kwa diski inayopokea. Mkikosea diski, mmefuta wenyewe. Wawe watu wawili mbele ya kompyuta, mmoja asome kwa sauti na mwingine abonyeze.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Picha ya Januari haijui mkopo wa Februari. Kwa hivyo kila baada ya mkutano, nakilini faili za rekodi kwa flashi nyingine. Picha kamili ichukuliwe kila miezi mitatu, na pia kabla ya kuweka programu mpya.

Diski ya nje isikae imechomekwa. Virusi vikiingia kwa kompyuta vitaifikia nayo pia. Iandikwe tarehe, iwekwe mahali pakavu kwa nyumba ya mwanachama mwingine. Mwizi au moto ukifika kwa katibu, usipate zote mbili. Tena ifungiwe kama sanduku la pesa, maana ina siri za wanachama wote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya diski ya nje si ndogo kwa kikundi cha kijijini, lakini mkichanga wote itawezekana. Imani ya wanachama ikishapotea, haichangiwi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kompyuta yetu ikifa leo usiku, tutapoteza nini hasa?
2. Ni nani wawili watajifunza kazi hii, ili asibaki mmoja tu anayeijua?
3. Diski ya nje itawekwa kwa nani, na ufunguo utakuwa na nani?