Nukta Mbili na Mkwaju

Katika nyumba za Dima wa Tayyin, hapa Oman, mgeni hukaribishwa majlisi. Vyumba vya ndani havimhusu. Seva ya tovuti nayo hutengewa folda moja ya kuonyesha watu, na mengine yote ya diski ni ya mwenyewe. Tundu la usalama ninalolieleza hapa humpitisha mgeni hadi ndani.

Chukua tovuti ya duka la tende inayoweka picha zake katika /var/www/picha. Anwani inaishia na faili=tende.jpg. Mtundu anafuta jina hilo, anaandika ../../../etc/passwd. Kwa kompyuta, nukta mbili na mkwaju ni kupanda folda moja juu. Akipanda mara tatu amefika kileleni mwa diski, kisha anashuka anakotaka. Faili hiyo ya passwd siku hizi ina majina ya watumiaji na taarifa zao chache, nywila huwekwa kwingine. Huombwa kwa kuwa ipo karibu katika kila seva ya Linux, basi ikifunguka, tundu limethibitika. Kinachowindwa hasa ni faili ya mipangilio yenye nywila ya hifadhidata.

Mafundi wengi huzifuta nukta wakiziona, wakaridhika. Dawa hiyo siiamini. Septemba 2021 Apache, mojawapo ya seva zinazotumika sana duniani, ilitoa toleo 2.4.49 ambalo ukaguzi wake wa njia ulikuwa umebadilishwa. Ukiandika nukta ya kwanza kama kawaida na ya pili kwa alama %2e, ambayo seva huisoma kama nukta, unapita. Tarehe 4 Oktoba likaja 2.4.50 kuziba, watu wakaificha alama ndani ya alama, %%32%65, wakapita tena. Siku tatu baadaye ndipo 2.4.51 likafunga kazi. Kati ya waliotumia matoleo hayo mawili yenye tundu, waliosalimika ni wale ambao mipangilio yao ilikataza kila kilicho nje ya folda ya tovuti.

Kwa hiyo programu yako kwanza ifumbue alama zote, ipate njia halisi ya faili, ndipo iulize kama imo ndani ya folda iliyoruhusiwa. Haimo, ikatae. Afadhali zaidi mteja asitaje jina la faili kabisa, apewe namba. Na seva isiendeshwe kwa akaunti ya msimamizi mkuu, hata kwa siku moja.

Kujaribu, jaribu tovuti yako tu: hapa Oman Amri ya Kifalme 12/2011 inaadhibu kuingia mfumo wa mtu bila idhini. Ukikuta tundu kwa mwenzio, mwambie yeye, au wapelekee taarifa OCERT, kituo cha taifa cha usalama wa mtandao.